Diski Isiyojua Kusahau

Kitendawili! Nimejaa hadi shingoni, nikatoa nusu ya mizigo yangu, na bado nimejaa hadi shingoni. Ukishindwa itabidi unipe mji, ndugu msomaji, na mimi sina haraka ya kuchagua.

Jibu lake ni diski ya kompyuta inayotunza picha za mafaili yake. Wataalamu wenyewe wanaziita snapshoti. Si picha za harusi wala za pasipoti. Ni hali ya mafaili yote kama yalivyokuwa sekunde fulani: Jumanne saa nane mchana, kila barua, kila shairi, kila hesabu, kama ilivyokuwa wakati ule. Unaweza kufuta faili leo, na lile la Jumanne likabaki palepale ndani ya picha, zima, likila nafasi yake kimyakimya. Ndiyo maana unafuta, unafuta, na diski inakutazama tu.

Nimeamua kuleta historia ya jambo hili kwenye kurasa za fasihi kwa sababu moja. Sisi tunaoandika tuna ugonjwa wa rasimu. Hatujui ipi tutunze na ipi tutupe. Tukitupa tunalia, tukitunza tunazama. Jamaa wa kompyuta wamegombana na swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 50, na majibu yao, ukiyasoma vizuri, si ya mashine peke yake.

NAMBA NYUMA YA JINA

Tuanze mwanzo. Zamani kompyuta nyingi zilikuwa na tabia moja: ukihifadhi faili jipya juu ya la zamani kwa jina lilelile, la zamani limekwenda, halina hata kaburi. Unix, mfumo ulioanza Bell Labs kule Marekani mwaka 1969, ulikuwa wa namna hiyo. Amri yake ya kufuta, rm, haina maneno mengi. Ukishaiandika na kubonyeza, kwisha habari.

Lakini kulikuwa na ukoo mwingine. TENEX, mfumo uliotengenezwa na kampuni ya Bolt, Beranek and Newman pale Cambridge, Massachusetts, na kuelezwa kwenye makala ya mwaka 1972, uliweka namba ya toleo kwenye jina la faili. Ukihariri, la zamani halifi. Unapata toleo jingine lenye namba inayofuata. Tabia hiyohiyo ilikuwamo kwenye VMS ya kampuni ya Digital, iliyotangazwa pamoja na kompyuta za VAX mwaka 1977. Ukiwa na HADITHI.TXT;1 ukaihariri, inazaliwa HADITHI.TXT;2, na ile ya kwanza ipo palepale. Namba zinaweza kupanda hadi 32767.

Usicheke. Fungua folda ya mwandishi yeyote kijana leo. Utakuta "shairi", "shairi_jipya", "shairi_mwisho", "shairi_mwisho_kabisa", na chini yake "shairi_mwisho_HILI". Kila mmoja wetu anajitengenezea VMS yake ya kienyeji, bila namba na bila mpango.

Tatizo la njia ile ni kwamba kila toleo lilikuwa nakala nzima. Ukibadilisha koma moja kwenye riwaya ya kurasa 300, umepata riwaya ya pili ya kurasa 300. Na diski za wakati ule, aisee! RP06, iliyofungwa kwenye mashine kubwa za Digital za miaka ya 1970, ilikuwa na umbo kama la mashine ya kufulia nguo, na ndani yake zilikaa megabaiti 176 tu. Video moja ya harusi kwenye simu ya leo inaizidi. Na nafasi hiyo waligawana watu wa idara nzima.

Kwa hiyo VMS ikaja na amri ya PURGE. Ukiandika PURGE, matoleo yote ya zamani yanafagiliwa, linabaki la mwisho. Ukiandika PURGE/KEEP=3, yanabaki matatu. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kisa chetu kinapoanza. Kukumbuka ilikuwa kazi ya mashine, kusahau ikawa kazi ya binadamu. Na binadamu tunajuana: hafagii mpaka wageni wawe mlangoni.

ORODHA, SI KURASA

Hatua iliyobadilisha mambo ilikuwa kuacha kunakili kila kitu. Miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pale Pittsburgh kilikuwa na mradi mkubwa pamoja na IBM ulioitwa Andrew. Mfumo wake wa faili, AFS, uliweza kutengeneza kloni ya eneo zima la mafaili: nakala iliyogandishwa ambayo mwanzoni haina kitu chake yenyewe, inashirikiana na asili kila kilichomo. Kwa njia hiyo waliweza kuchukua nakala za akiba bila kusimamisha watu kazi.

Niieleze kwa mfano wa karibu. Kikundi cha maigizo kina mchezo wa kurasa 80. Kurasa zenyewe zimo kabatini, na mwongozaji ana orodha inayosema ukurasa wa 1 ni karatasi ipi, wa 2 ni ipi, mpaka wa 80. Sasa mwongozaji anataka kuukumbuka mchezo ulivyo leo. Mjinga angetoa fotokopi ya kurasa zote 80. Mjanja ananakili orodha tu. Dakika moja, karatasi moja, basi.

Kesho yake mtunzi anabadilisha ukurasa wa 7. Sheria inasema: ukurasa wa zamani usifutwe wala usichanwe. Chukua karatasi mpya, andika ukurasa wa 7 upya, kisha rekebisha orodha ya leo ionyeshe karatasi mpya. Orodha ya jana inaendelea kuonyesha karatasi ya zamani. Kurasa 79 zinashirikiwa na orodha zote mbili, na ni moja tu iliyo mbilimbili. Hiyo ndiyo sheria ya nakili-unapoandika, na karibu picha zote za mafaili zimejengwa juu yake au juu ya binamu yake.

Angalia sasa matokeo yake, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Picha inapozaliwa haina uzito wowote wa maana. Inanenepeshwa na maisha yanayoendelea nje yake. Kadiri unavyohariri na kufuta, ndivyo karatasi za zamani zinavyobaki na mwenye nyumba mmoja tu, yaani ile picha. Ukipiga picha ya diski kisha usiguse kitu mwaka mzima, picha hiyo ni bure. Ukipiga picha kisha ukafuta kila kitu, picha hiyo ndiyo diski nzima.

Mavi ya kale hayanuki, wamesema wahenga. Kwenye diski hayanuki, sawa, lakini yanajaza choo.

SANDUKU LA SANTURI

Kulikuwa na watu walioamua kutofagia kabisa. Ni walewale wa Bell Labs, waliozaa Unix, safari hii na mfumo mpya walioupa jina la Plan 9. Seva yao kuu ya mafaili ilikuwa na ghorofa tatu: kumbukumbu ya haraka, kisha gigabaiti 27 za diski za kawaida, na chini kabisa gigabaiti 350 za diski za mwanga zilizopangwa kwenye jukiboksi. Ndiyo, kama lile sanduku la baa linalochagua santuri kwa mkono wake wa chuma. Diski zile zilikuwa za kuandika mara moja na kusoma mara nyingi. Ukishaandika, hata Mungu wa seva hawezi kufuta.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, seva ilikusanya vyote vilivyobadilika na kuvishusha kwenye jukiboksi. Ukitaka kuona dunia ilivyokuwa tarehe 15 Machi 1995, ulikwenda kwenye folda ya /n/dump/1995/0315, na mafaili yote yapo, kila moja mahali pake.

Makala yao ya mwaka 1995 inajivunia jambo ambalo mimi linanifurahisha sana. Walisema watumiaji wao hawajawahi kuombwa wasafishe mafaili yao, na kwamba mfumo hauna hata ile amri ya df inayoonyesha nafasi iliyobaki. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Watu wapatao 50 walikuwa wametumia jukiboksi ile kwa miaka mitano na kula asilimia 65 tu. Katika miaka hiyo mitano mtengenezaji alikuwa ameongeza uwezo wa kila diski mara mbili. Yaani wangebadilisha diski, wangepata nafasi tupu kubwa kuliko ile waliyoanza nayo. Teknolojia inakimbia kuliko tunavyoandika, wakasema, basi ya nini kufuta?

Mwaka 2002 wawili wa hapohapo, Sean Quinlan na Sean Dorward, wakaisogeza mbele kwa mfumo wa Venti. Humo kila bloku ya data inaitwa kwa alama yake ya vidole, namba ndefu inayopigwa kutokana na maudhui ya bloku yenyewe. Bloku mbili zenye maneno yaleyale zinapata alama ileile, kwa hiyo inatunzwa moja. Hata Venti haikufuta kitu. Ilipunguza marudio tu.

Nawaheshimu, ila hoja yao ina tundu. Wao walikuwa watafiti 50, waandishi wa programu na makala, maneno matupu yasiyo na uzito. Leo mtu mmoja anarekodi filamu mchana na kuifuta usiku. Tundu la pili ni kubwa zaidi: si kila kinachoandikwa kinastahili kuishi milele. Barua uliyoiandika kwa hasira saa tisa usiku, ukaifuta asubuhi kabla hujaituma, kwa Plan 9 ilikuwa imeshapitiwa na alfajiri. Ule mfumo haukujua toba.

BITI 32 NA SERA YA NYUMBA

Wafanyabiashara waliingia mwaka 1992 kwa kampuni iliyoitwa Network Appliance, ambayo baadaye ilijulikana kama NetApp. Mwaka 1994 Dave Hitz, James Lau na Michael Malcolm walieleza kwenye mkutano wa USENIX mfumo wao wa WAFL. Jina hilo kirefu chake kinamaanisha kuandika popote, na ndivyo ulivyofanya: data mpya haikurudi juu ya ya zamani, iliandikwa kokote penye nafasi.

Ninachopenda kwenye WAFL ni daftari lake. Diski iligawanywa katika bloku za kilobaiti 4. Kila bloku ilikuwa na mstari wake kwenye ramani, mstari wa biti 32. Biti ya kwanza inasema: natumika na mafaili ya leo. Inayofuata inasema: natumika na picha ya kwanza. Nyingine, na picha ya pili, na kuendelea. Bloku haiachiwi mpaka biti zote ziwe sifuri, yaani mpaka hakuna hata mmoja anayeidai. Ni kama urithi wa shamba: haliuzwi mpaka kila ndugu aweke dole gumba.

Wakati huo WAFL ilitunza picha zisizozidi 20. Ilizipiga na kuzifuta yenyewe kwa ratiba, na mtumiaji wa kawaida alizifikia kupitia folda iliyofichika ya .snapshot. Umefuta ripoti kwa bahati mbaya? Huna haja ya kwenda kumpigia magoti msimamizi wa mitambo. Ingia kwenye .snapshot, chukua ya jana, endelea na kazi. Hiyo ilikuwa demokrasia ndogo, si mchezo.

Na kama ilivyo kwenye kila demokrasia, likaja suala la mipaka. Seva hizo zilizoeleka kutengewa asilimia 20 ya nafasi kwa ajili ya picha. Ukisikia "kutengewa" unadhani kuna ukuta katikati. Kweli upo, ila unazuia upande mmoja. Mafaili hai hayaruhusiwi kuingia kwenye eneo la picha, lakini picha zikinenepa zikazidi asilimia 20, zinavuka na kuanza kula eneo la mafaili hai. Wafu wana ruhusa ya kujenga kwenye viwanja vya walio hai, na walio hai hawana ruhusa ya kulima makaburini.

Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na seva ya aina hii. Siku moja ikajaa. Likatoka tangazo: kila mtu afute asivyohitaji. Watu wakafuta kwa moyo wote, jamaa mmoja akatoa video zake zote za semina za miaka miwili. Jioni tukaangalia: nafasi ileile. Watu wakaanza kutazamana kwa jicho baya, kila mmoja akidhani mwenzake amekaidi. Kumbe hakuna aliyekaidi. Vyote walivyofuta vilikuwa vimehama tu kutoka kwenye hesabu ya leo kwenda kwenye hesabu ya picha.

TEMBO NA ALAMA ZA NJIANI

Wazungu wana imani kwamba tembo hasahau. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, pamoja na wa kampuni ya Hewlett-Packard, walitoa mfumo wa majaribio wakauita Elephant, yaani Tembo. Kichwa cha makala yao kilihusu kuamua lini kusahau. Nilipokisoma kichwa hicho mara ya kwanza nilidhani ni diwani ya mashairi.

Hoja yao ilikuwa kwamba mafaili hayalingani. Wakapendekeza sera nne, kila faili na yake. Kuna faili la kutunzwa toleo moja tu, kama yale ambayo programu inaweza kuyatengeneza upya wakati wowote. Kuna la kutunzwa matoleo yote. Kuna la kutunzwa matoleo kwa muda mfupi ili mtu aweze kujirudi, kisha yaachiwe. Na kuna la nne, ambalo ndilo utamu wenyewe: kutunza alama za njiani.

Walisema hivi, kwa maneno yangu. Mtu anayekumbuka kazi yake ya asubuhi hii anakumbuka kila hatua. Anayekumbuka kazi ya mwaka jana hakumbuki kila hatua, anakumbuka vituo vikubwa. Basi mashine nayo ifanye hivyo. Matoleo ya karibuni yatunzwe yote. Yanapozeeka, yale yaliyosongamana kwa wakati yapunguzwe, libaki la kituo. Na mwenye faili awe na haki ya kunyoosha kidole na kusema: hili hapa ni alama, lisiguswe.

Tembo mwenyewe hakuenea madukani. Ila wazo la kupunguza kadiri vitu vinavyozeeka lilikuwepo kabla yake na limebaki baada yake. Watu wa nakala za akiba walikuwa nalo tangu enzi za mikanda ya sumaku, na jina lake linatafsirika vizuri kwetu: babu, baba na mwana. Mwana ni nakala ya kila siku, baba ni ya kila wiki, babu ni ya kila mwezi. Wana ni wengi na wanafutwa mapema. Mababu ni wachache na wanaheshimiwa.

DAFTARI LINALODANGANYA BILA KUSEMA UONGO

Mwaka 2001, ndani ya kampuni ya Sun Microsystems, Jeff Bonwick na kijana aliyetoka chuo, Matthew Ahrens, walianza kazi ya ZFS. Mwaka 2005 ilitolewa kwa umma pamoja na msimbo wake. Wao hawakutaka biti 32 wala kikomo cha picha 20. Badala ya kuandika majina ya wadai wote, kila bloku ilipewa saa yake ya kuzaliwa. Ukifuta kitu, mfumo unauliza: bloku hii ilizaliwa kabla au baada ya picha ya mwisho? Kama ni baada, hakuna picha inayoijua, iachie. Kama ni kabla, iandike kwenye orodha ya wafu isubiri. Hesabu nyepesi, na ikafungua mlango: mtu angeweza kuwa na picha maelfu. (NetApp na Sun walishtakiana kuhusu hataza mwaka 2007, na kesi zikafungwa mwaka 2010 Sun ikiwa imeshanunuliwa na Oracle.)

Picha maelfu zinaleta noma ya hesabu. Fuata mfano huu polepole. Una faili la gigabaiti 10. Jumatatu unapiga picha. Jumanne unapiga nyingine. Jumatano unalifuta faili. Sasa unaiuliza ZFS: picha ya Jumatatu inatumia nafasi kiasi gani? Inajibu: karibu sifuri. Na ya Jumanne? Karibu sifuri. Unakuna kichwa. Gigabaiti 10 ziko wapi?

Ziko kwa wote wawili, ndiyo maana haziko kwa yeyote. Namba inayoonyeshwa mbele ya kila picha ni ile nafasi ambayo ungeipata ukiifuta picha hiyo peke yake. Ukifuta ya Jumatatu, ya Jumanne bado inalidai faili, hupati kitu. Ukifuta ya Jumanne ukaacha ya Jumatatu, vilevile. Zikiondoka zote mbili ndipo gigabaiti 10 zinarudi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, kila mstari ni wa kweli, na jumla yake inakupoteza.

Dawa ni kuuliza swali la jumla. Amri ya zfs list -o space inaonyesha safu ya USEDSNAP, yaani nafasi inayoshikwa na picha zote kwa pamoja. Na kabla ya kuvunja picha, zfs destroy -nv inakuambia, bila kuvunja kitu, ungepata nafasi kiasi gani. Inaweza kuulizwa kuhusu mfululizo mzima wa picha kwa mpigo. Ukitaka picha fulani isifutwe na yeyote, zfs hold inaifunga. Hiyo ndiyo alama ya njiani ya Tembo, kwa jina jingine.

Kuna kioja kingine. Kwa kuwa mifumo hii haiandiki juu ya cha zamani, hata kufuta ni kuandika: orodha mpya inahitaji karatasi mpya. Diski ikijaa kabisa, unaweza kukosa nafasi ya kufuta. Kwa hiyo OpenZFS kwa kawaida inajiwekea akiba ya takriban sehemu 1 kati ya 32 ya diski. Akiba haiozi.

NYUMBANI KWETU

Picha zilishuka mpaka kwenye kompyuta za kawaida. Btrfs, iliyoanzishwa na Chris Mason akiwa Oracle mwaka 2007, iliingia kwenye Linux mwaka 2009. Mwaka 2014 toleo la 12 la SUSE Linux Enterprise liliifanya Btrfs kuwa mfumo wa kawaida wa diski ya mfumo, likiwa na programu ya Snapper inayopiga picha kabla na baada ya kila mabadiliko ya programu. Wengi walioigawia sehemu ya mfumo nafasi ndogo kama walivyozoea waliona ikijaa bila wao kuongeza faili hata moja. Jibu likawa lilelile: weka kikomo cha picha, na acha ratiba ya babu, baba na mwana ifagie.

Apple walichukua njia ya kificho. Time Machine ilitoka mwaka 2007, ikitunza nakala za kila saa kwa saa 24, za kila siku kwa mwezi mmoja, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma zaidi, na diski ya nakala ikijaa, za zamani zaidi ndizo zinazoondoka. Tangu mfumo wa APFS ulipofika kwenye Mac mwaka 2017, picha zinapigwa pia ndani ya mashine yenyewe, zinadumu saa 24 hivi, na nafasi zinazoila inahesabiwa kuwa nafasi iliyo wazi, kwa ahadi kwamba ikihitajika zitafutwa. Wakubwa wameona heri wananchi wasijue.

TUNAJIFUNZA NINI

Kwanza, picha si nakala ya akiba. Picha na mafaili yako viko kwenye diski moja. Diski ikiibiwa au ikifa, vimekwenda vyote. Nakala ya akiba iwe kwenye chombo kingine, na ikiwezekana kwenye nyumba nyingine.

Pili, kitu ulichofuta si lazima kiwe kimefutika. Kama ni siri ya mtu, jina la shahidi, barua ya mpenzi, usitulie kwa kuona tu kwamba haipo kwenye folda. Uliza picha za zamani zinatunzwa siku ngapi, na nani anaweza kuzifungua. Nafasi iliyoliwa unaweza kuinunua dukani. Siri iliyobaki kwenye picha ya Jumanne hainunuliki.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila picha inapozaliwa iandikiwe siku yake ya kufa, isipokuwa zile chache ambazo mwenyewe umezinyooshea kidole. Wanaotunza vyote wanaishia kufuta ovyo siku diski inapojaa, usiku, kwa hofu, wakianza na kilicho kikubwa badala ya kisicho na maana. Mtaka yote hukosa yote. Historia nzima ya mifumo hii, kuanzia PURGE mpaka ratiba za leo, ni historia ya watu waliojifunza kwamba kusahau kusipopangwa kutatokea tu, na kutachagua vibaya.

Mashine inaweza kuhesabu bloku, kulinganisha alama za vidole, kujua nani alizaliwa kabla ya nani. Haijui kwamba kwenye rasimu ya nne ya hadithi yako kulikuwa na mstari mmoja, ulioufuta kwa sababu ya aibu, ambao ndio ulikuwa hadithi yenyewe. Hilo walilijua watu wa Tembo, ndiyo maana mwenye faili walimwachia haki ya kusema. Basi sema. Rasimu hii ibaki, hii iende. Ziandike sababu zako pembeni, kwa tarehe. Ukinyamaza, ratiba itapita alfajiri kama kawaida yake, na yenyewe haisomi hadithi.